Mumiani wa kwetu na vampaya wa sinema: je, ni kitu kimoja?

Mwalimu wa Tukuyu anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Rungwe, na ninaomba msaada wenu katika jambo lililozuka darasani kwangu wiki iliyopita. Nilidhani ningelimaliza kwa dakika tano, lakini limekula vipindi viwili na bado halijaisha.

Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu maneno kumi wayaeleze kwa sentensi zao wenyewe bila kutazama kamusi, na mojawapo lilikuwa *mumiani*. Kijana mmoja, ambaye Jumamosi zake zote huishia katika banda la video, aliandika kwamba mumiani ni maiti anayetoka kaburini usiku, mwenye meno mawili marefu, anayeogopa jua, msalaba na kitunguu saumu. Nilipomuuliza amelipata wapi, alijibu kwamba mfasiri wa sinema, yule anayeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji, humwita vampaya "mumiani" tangu picha inapoanza hadi inapokwisha.

Hapo alisimama msichana mmoja ambaye kwao ni Njombe, akakataa katakata. Alisema kwamba babu yake alikwenda Tanga miaka ya 1960 kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na amemsimulia mara nyingi kuwa mumiani si maiti wala hana meno marefu. Ni mtu mzima mwenye afya yake, ambaye huja usiku wa manane akiwa na taa, kisanduku cha mbao na wenzake wawili watatu, akawaamsha watu, akawachoma vidole na kuondoka na damu yao. Babu hakusimuliwa, aliona kwa macho yake, na kidole chake mwenyewe kilichomwa.

Darasa liligawanyika. Nami sikutaka kumwambia yule binti kwamba babu yake ni mwongo, kwa sababu maelezo yake yalikuwa na vitu ambavyo mtu havitungi hivi hivi: kisanduku cha mbao, namba zilizoandikwa kwa penseli, na amri kwamba kazi ifanyike usiku tu. Basi ninauliza kama viumbe hawa wawili wana asili moja, neno lenyewe tumelitoa wapi, na, kwa yeyote anayejua, yule babu aliona nini.

---

Msomaji wa Forest, Mbeya:

Mwalimu, salaam kutoka Forest. Nitaanza na huyu wa sinema, kwa kuwa nimemsoma kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu wafasiri wa mabandani wamemwonea yeye na wamemwonea mumiani pia kwa kuwapa jina moja.

Vampaya wa asili hakukaa katika kasri wala hakuvaa joho jeusi. Alikuwa mkulima wa kawaida aliyefariki na kuzikwa kijijini kwake, mara nyingi huko Serbia na nchi za jirani. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo kilichokuwa wakati huo chini ya utawala wa Austria, alifariki mkulima aliyeitwa Petar Blagojević. Muda mfupi baadaye watu tisa walikufa ndani ya siku nane, na kabla ya kukata roho walisema kwamba marehemu aliwajia usingizini akawakaba koo. Wanakijiji walimlazimisha ofisa wa serikali awepo wakati kaburi linafukuliwa. Mwili ulikutwa haujaharibika kama walivyotarajia, na mdomoni mlikuwa na damu iliyoonekana mbichi, hivyo wakauchoma kwa mti uliochongwa na kuuteketeza kwa moto. Mwaka 1732 daktari wa jeshi, Johann Flückinger, aliandika taarifa ndefu zaidi kuhusu kijiji cha Medveđa, nacho cha Serbia, na taarifa za namna hiyo ndizo zilizolisambaza neno vampaya katika lugha za Ulaya magharibi.

Ninaomba mwangalie kwa makini walichokiona, kwa sababu walikiona kweli. Mwili uliozikwa huvimba kwa gesi inayojengeka tumboni. Gesi hiyo husukuma juu majimaji mekundu hadi yakatokea puani na mdomoni, na mtu asiyejua atasema marehemu amekula damu akashiba. Ngozi ya juu huchubuka na ile ya chini huonekana mpya, nazo kucha huonekana zimerefuka kwa sababu ngozi inayozizunguka imesinyaa. Baridi ya ardhi nayo huchelewesha kuoza kwa majuma mengi. Malkia Maria Theresa alimtegemea daktari wake, Gerard van Swieten, katika suala hilo, na mwaka 1755, baada ya daktari huyo kueleza kwamba mambo haya yana sababu za kawaida za maumbile, malkia alipiga marufuku ufukuaji wa makaburi na uchomaji wa maiti kwa ajili ya vampaya.

Marekani jambo hilo lilidumu zaidi. Mwaka 1892, katika mji wa Exeter jimboni Rhode Island, familia moja ilikuwa imempoteza mama, kisha binti mkubwa, kisha binti mwingine wa miaka 19 aliyeitwa Mercy Brown, na sasa kaka yao Edwin alikuwa mgonjwa. Majirani walimshawishi baba akubali miili ichunguzwe. Mwili wa Mercy ulikuwa umekaa miezi miwili tu, tena katikati ya majira ya baridi, ndani ya chumba cha mawe kilichojengwa juu ya ardhi, kwa hiyo ulikuwa karibu kama ulivyowekwa. Moyo wake ulichomwa, majivu yakachanganywa na maji, na Edwin akanyweshwa kama dawa. Alifariki miezi miwili baadaye. Ugonjwa uliowamaliza ulikuwa kifua kikuu, na Robert Koch alikuwa ameshatangaza kugundua kijidudu chake mwaka 1882, miaka kumi kabla ya moto ule kuwashwa.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha vampaya. Yeye ni ndugu. Huanza na mke wake, watoto wake, kaka yake, majirani wa mlango wa pili, kwa sababu kifua kikuu na maradhi mengine ya kuambukiza hupita hivyo hivyo, ndani ya nyumba, kitanda kwa kitanda. Watu waliona mpangilio sahihi na wakampa jina la marehemu wa mwisho.

Habari za kasri na joho zilikuja baadaye. Mwaka 1819 ilichapishwa hadithi ya daktari kijana, John Polidori, iliyomgeuza vampaya kuwa bwana mkubwa wa Uingereza, mwenye adabu za mezani. Mwaka 1897 Bram Stoker, mzaliwa wa Ireland ambaye hakuwahi kufika Transylvania, alimtoa Dracula, na jina hilo alilikuta ndani ya kitabu cha maktaba katika mji wa Whitby. Dracula wa kitabuni hutembea mchana. Mwanga humpunguzia nguvu tu. Jua linaloua liliingizwa na filamu ya Kijerumani isiyo na sauti ya mwaka 1922, kwa hiyo kijana wako aliyeandika kwamba mumiani huogopa jua amechukua jambo lenye umri wa karne moja tu.

Niongeze neno kuhusu popo, maana najua wanafunzi watauliza. Popo wanaokunywa damu wapo wa aina tatu tu duniani, na wote wanaishi katika bara la Amerika, kuanzia Meksiko kushuka kusini. Wazungu waliwapa jina la vampaya baada ya kulijua jina, hawakumtunga vampaya kutokana nao. Popo wa huku kwetu hula matunda na wadudu.

---

Mama wa Kiwira:

Ndaga fijo, ndugu yangu wa Forest, umeeleza vizuri. Mwalimu, mimi nitagusa neno lenyewe, kisha niseme jambo dogo la hapa hapa Rungwe ambalo wanafunzi wako wengi wanalo majumbani mwao bila kujua.

Mumiani, kabla ya kuwa mtu, alikuwa dawa. Neno limetokea Uajemi na Uarabuni, ambako *mumiya* ni kitu cheusi kama lami kinachotoka katika miamba, kilichotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika na majeraha. Wazungu nao waliichukua dawa hiyo, wakaichanganya na habari ya maiti za Misri zilizokaushwa, na kwa karne kadhaa maduka yao ya dawa yaliuza unga wa maiti hizo ili wagonjwa waunywe. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno hili kama dawa nyeusi inayonata, iliyotumiwa na Waarabu, Wahindi na Waswahili, na inataja kwamba wapo walioamini imetengenezwa kwa damu ya watu. Basi mfuatano ni huo: kwanza dawa, kisha dhana kwamba dawa hiyo ni damu, na mwisho jina likahamia kwa yule anayedhaniwa kuitafuta hiyo damu. Katika mfuatano wote huo hakuna kaburi hata moja.

Sasa jambo la Rungwe. Hofu ya kuliwa usiku tulikuwa nayo zamani kabla ya mumiani kupanda milima hii, lakini ilikuwa na sura nyingine. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika kwa kirefu kuhusu *abalosi*, yaani wachawi, ambao Wanyakyusa walisema wana chatu tumboni. Chatu hao ndio waliowatamanisha nyama na maziwa. Usiku huruka, huwatafuna watu kwa ndani pasipo jeraha kuonekana, na hukausha maziwa ya ng'ombe wa jirani. Waliowazuia waliitwa *abamanga*, walinzi wa kijiji, ambao nao walisemekana kuwa na chatu, na waliwaona wachawi katika ndoto na kupambana nao humo. Mtu akifa kifo kisichoeleweka, mwili wake uliweza kupasuliwa ili watazame ndani kama kuna alama. Yaani hata sisi tulichunguza maiti, kama wale wa Serbia, ila sisi tulitafuta alama ya kuliwa na wao walitafuta alama ya kula.

Bibi yangu mzaa mama, hadi anafariki, hakuacha kibuyu cha maziwa wazi baada ya jua kuzama. Alikifunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto hadi likalainika, akalifunga kwa kamba ya mgomba huo huo, mizunguko mitatu. Nilimuuliza anazuia nzi au nini. Alinitazama tu, akaendelea kufunga.

Mnaona basi kwamba mlosi ni jirani, tena jirani aliye hai, mwenye wivu kwa sababu umekula nyama na hukumwita. Vampaya ni ndugu aliyekufa. Mumiani si ndugu wala si jirani. Hatujui kwao, na anakuja kwa mshahara. Kwangu mimi hawa ni watatu, na mfasiri wa banda angefanya uungwana kumwacha vampaya abaki vampaya.

---

Dereva wa Makambako:

Mama wa Kiwira amesema "anakuja kwa mshahara," na mimi nimeendesha magari ya miradi kwa miaka 22, kwa hiyo hapo naomba kuongezea.

Huyu mumiani wa barabarani ana majina mengi kadiri unavyosafiri. Iringa nimewasikia wazee wakimwita chinjachinja. Ukivuka Tunduma, upande wa Zambia ni *banyama*. Kenya na Uganda walisema wazimamoto, kwa kuwa waliamini magari mekundu ya kikosi cha zimamoto ndiyo yaliyobeba watu kwenda kukamuliwa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi haya Kenya, Uganda na Zambia, akayatolea kitabu mwaka 2000, na jambo moja alilolionyesha ni kwamba masimulizi yamejaa vitu vya kazini: gari, sare, vifaa, zamu ya usiku, bosi asiyeonekana. Wanaume wa kwetu walikwenda Lupa kwenye dhahabu, walikwenda Tanga kwenye mkonge, walikwenda hadi migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Naamini hadithi zilirudi pamoja nao katika mabasi yale yale.

Sasa niwaeleze lililonikuta. Mwaka 2011 nilikuwa na wataalamu wawili wa udongo katika kijiji kimoja cha nyanda za chini, sitakitaja. Walikuwa wanachimba kwa kijembe kirefu cha duara, wanajaza udongo katika vifuko vidogo, wanaviandika namba, wanaviweka ndani ya kisanduku cha barafu chenye mfuniko mwekundu. Barua yetu ya utambulisho ilikuwa imeishia wilayani, kijijini haikufika, na hilo lilikuwa kosa letu sisi, sio la wanakijiji. Mtoto mmoja aliuona ule mfuniko akakimbia. Baada ya robo saa nilihesabu watu zaidi ya arobaini, na waliokuwa mbele walikuwa wakina mama, kimya kabisa. Ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Mwenyekiti wa kitongoji, Mungu amlaze pema, alikaa juu ya boneti la gari na kusema hashuki hadi kisanduku kifunguliwe mbele ya wote. Tukakifungua. Akaingiza mkono, akachukua udongo, akausaga kwa vidole na kuwapitishia mkono wake mmoja mmoja waunuse.

Wenzetu wengine hawakumpata mwenyekiti wa namna hiyo. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, ambacho licha ya jina lake kiko Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na gari lao kuchomwa moto wakiwa katika kazi kama ile ile ya sampuli za udongo, baada ya kuvuma kwamba ni wanyonya damu. Mmoja wao alikuwa dereva. Mwaka uliofuata ilikuwa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe lakini mbali kusini, katika wilaya za Mulanje na Phalombe: watu kadhaa waliuawa kwa tuhuma za kunyonya damu na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwa muda. Huko huko Malawi, mwishoni mwa 2002, wakati wa njaa, Rais Bakili Muluzi alilazimika kukanusha hadharani uvumi kwamba serikali inawapa mashirika ya misaada damu ya wananchi ili ipewe chakula.

Mwalimu, mwambie kijana wa bandani kwamba wa sinema hajawahi kumuua dereva.

---

Mwalimu wa Tukuyu:

Ninawashukuru sana, na kwa ndugu yetu dereva ninatoa pole ya dhati. Nimewasomea wanafunzi majibu yote haya. Yule kijana amekubali mwenyewe kufuta sentensi yake, na amesema atamfuata mfasiri wa banda amweleze habari ya Petar Blagojević, jambo ambalo ningependa kuliona.

Ila binti wa Njombe bado ameketi na swali lake, nami naona ni haki yake. Mmeeleza hadithi zinatoka wapi, lakini babu yake hakusimulia hadithi. Alisema walikuja usiku, wakawachoma vidole, wakaandika namba kwa penseli. Anauliza: kwa nini usiku?

---

Mzee wa Kihesa, Iringa:

Kamwene, Mwalimu. Nimesoma mjadala huu kwa siku tatu bila kuandika, kwa sababu swali la binti huyo linanihusu kuliko ninavyopenda. Mwambie babu yake alisema kweli. Nadhani wale watu nawajua, na miaka michache baadaye nilikuwa mmoja wa watu kama wao.

Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1974, na miaka yangu ya kwanza niliifanya mkoani Tanga katika uchunguzi wa matende na mabusha. Ugonjwa huo huletwa na minyoo myembamba kama uzi inayokaa katika mishipa ya majimaji ya mwili, na huenezwa na mbu. Minyoo mikubwa huzaa minyoo michanga isiyoonekana kwa macho, na hiyo michanga ina tabia ya ajabu: mchana hujificha katika mishipa midogo ya mapafu, kisha usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane, hutoka na kuzagaa katika damu ya mwili mzima. Hizo ndizo saa ambazo mbu wanaoibeba huuma. Ukimpima mgonjwa saa sita mchana utamwambia hana kitu, na utakuwa umemdanganya. Ndiyo maana tulikwenda usiku. Sisi hatukuwa na njia nyingine wakati ule.

Tulikwenda na taa ya kandili au karabai, na kisanduku cha mbao chenye mianya ya kusimamishia slaidi, yaani vioo vidogo vya kuwekea damu, ambacho binti amekieleza sawasawa. Mtu alitoa kidole; tulikipangusa kwa pamba yenye spiriti, tukakitoboa kwa sindano fupi, tukakamua matone machache na kuyatandaza katikati ya kioo kwa ncha ya kioo kingine. Namba iliandikwa kwa penseli kwenye upande wenye ukungu, kwa sababu wino hufutika wakati wa kupaka rangi. Damu yote ya kitongoji kizima, mkiikusanya, isingejaza kijiko cha chai. Lakini hilo nalisema leo nikiwa nimekaa. Kwa mtu aliyeamshwa saa sita ya usiku baada ya kukata mkonge kutwa nzima, akakuta wageni watatu mlangoni pamoja na msimamizi wa shamba anayeamuru kila mmoja atoe kidole, kiasi cha damu si jambo atakalolipima.

Nimesikia watu wa rika langu wakisema kwamba habari ya mumiani ni ujinga wa watu wasiosoma. Ninalikataa neno hilo. Wale watu walikuwa na hesabu moja iliyo sahihi kabisa: damu ilitoka, na hakuna kilichorudi. Sisi tulipeleka visanduku maabara, tukavikausha vioo, tukaviosha kwa maji hadi wekundu wote ukatoka, tukavipaka rangi na kuvisoma kwenye hadubini, tukaandika idadi katika daftari, na daftari likaenda kwa wakubwa. Wapo waliopewa dawa baadaye, lakini wengi hawakuelezwa walikuwa na nini. Nilikaa Tanga miaka sita na katika muda huo sikuona karatasi hata moja ya majibu ikirudishwa kijijini.

Kwa faida ya wanafunzi niseme pia kuhusu damu ya leo, kwa maana kila gari la Damu Salama linapoegesha karibu na shule kuna mtoto anayenong'ona neno hili. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Chupa moja ya mchangiaji ni kama mililita 450, anayechangia awe na umri usiopungua miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, na mwili huirudisha. Seli nyekundu hazihifadhiki zaidi ya majuma sita hata zikitunzwa kwa ubaridi unaotakiwa, kwa hiyo hakuna awezaye kurundika damu ya watu ghalani akaisafirisha kwa mapipa kama masimulizi yanavyosema. Damu inayotolewa Mbeya hupimwa kwanza, kisha huingia mwilini mwa mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua au mtoto aliyepungukiwa kwa malaria. Mchangiaji ana haki ya kuelezwa majibu ya vipimo vyake, naye ayadai.

Sasa nimalizie alichouliza binti. Mwaka 1979 tulirudi katika kijiji kimoja tulichowahi kupima, na safari hiyo nilibeba hadubini ya kioo cha kuakisi mwanga, ile isiyohitaji umeme. Mzee mmoja mwenye mguu uliovimba alikataa kutoa kidole. Sikumlazimisha. Nilichoma changu kwanza, kisha kijana wake akatoa chake, nikaweka tone bichi chini ya hadubini kabla halijakauka, nikaelekeza kioo kwenye taa na kumwomba mzee aje atazame. Katika tone bichi minyoo hiyo huonekana hai, inajipinda na kuchapa huku na huku kama nyuzi zinazopigwa na upepo, na seli za damu zinasukumwa kando inapopita.

Alitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa kwa kiganja. Alipoinuka alimwita mke wake naye atazame, kisha majirani, hadi taa ikaanza kufifia kwa kuishiwa mafuta. Halafu akaninyooshea kidole chake nikitoboe, na wakati ninakamua tone akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, ile damu tuliyoichukua mara ya kwanza, miaka minne nyuma, wakati mguu wake ulikuwa bado mdogo, tuliona nini ndani yake na kwa nini hatukurudi kumwambia.

Sikuwa na la kumjibu. Niliandika namba yake kwa penseli, na pembeni yake, kwa mara ya kwanza, nikaandika na jina.